Msaada: amplifaya inavuma "mmmm" hata kama hakuna muziki

Kisauti:
Wakuu, habari za jioni. Nina amplifaya ya zamani ya stereo, ya plagi ya pini tatu, aliyoniachia mzee wangu. Sauti ya king'amuzi cha dishi naipitisha humo kwa waya wa RCA (zile plagi ndogo za duara za sauti), na laptopu pia naiunganisha. Siku hizi spika zote mbili zinatoa mvumo mzito hata kama hakuna kinachopigwa. Usiku nyumba ikitulia unausikia mpaka chumbani. Fundi mmoja kaniambia nikate pini ya ethi (ile ya kupeleka umeme unaovuja ardhini), mwingine anasema ninunue waya wa bei. Sitaki kuiharibu hii mashine. Nianzie wapi?

MzeeWaSpika:
Pini ya ethi USIIKATE, mkuu. Mvumo unaweza kuisha kweli, lakini siku waya wa moto ukigusa bodi ya chuma, bodi nzima inakuwa na umeme wa 230V, na hapo kuna watoto wanaogusa vitufe. Huyo fundi usimsikilize kwa hili.

Bibi Redio:
Nakubaliana na hapo juu. Na waya mpya usinunue kabla hujajua mvumo unatoka wapi. Zungusha kitufe cha sauti. Mvumo ukipanda na kushuka nacho, unaingia kabla ya hicho kitufe, yaani kwenye vyombo ulivyochomeka au waya zake. Ukibaki vilevile hata sauti ikiwa sifuri, shaka iende kwenye amplifaya yenyewe, hasa zile kapasita kubwa za pawa, vile vipande vya ndani vinavyohifadhi chaji na kutuliza umeme. Zikizeeka, mara nyingi huleta mvumo wa 100 Hz, kwa sababu umeme wetu wa 50 Hz ukigeuzwa kuwa DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri) mawimbi yake yanajirudia mara mbili. Hapo mpe fundi anayeaminika, usifungue mwenyewe. Kapasita hubaki na chaji hata plagi ikiwa imetolewa.

Kisauti:
Asante sana dada. Unapanda na kushuka na kitufe.

Bibi Redio:
Vizuri, basi mashine ya mzee huenda ni nzima. Zima, chomoa RCA zote nyuma, washa tena. Kukiwa kimya, rudisha chombo kimoja kimoja, na kila mara zima kwanza ndipo uchomeke, usije ukaunguza spika. Laptopu ijaribu ikiwa kwenye chaji, kisha kwa betri tu.

Kisauti:
Nimefanya hivyo. Bila waya yoyote, kimya kabisa. Laptopu ikiwa kwenye chaji inaleta mlio mwembamba wa "zzzz", kwa betri hakuna. Nikirudisha king'amuzi tu, ule mvumo mzito unarudi! Nikafungua waya wa dishi nyuma ya king'amuzi, ukakatika papo hapo.

MzeeWaSpika:
Umeshampata. Dishi lako lipo kwenye nguzo ya chuma iliyochimbiwa ardhini? Ganda la chuma lililo ndani ya ule waya linagusa ethi ya huko nje, na amplifaya ina ethi yake ya ukutani. Ethi mbili zisipolingana, umeme mdogo unazunguka kupitia waya wa RCA, na ndio huo unaousikia.

Kisauti:
Ndiyo, nguzo ya chuma, nyuma ya jiko. Dukani nimeona kifaa cha kutenganisha waya wa antena. Ninunue?

Bibi Redio:
Kwa dishi, hapana. Vingi vya aina hiyo vinazuia DC, na LNB (kile kichwa cha mbele ya dishi kinachonasa mawimbi) inategemea volti 13 au 18 zinazopanda kwenye waya huohuo. Utapoteza picha. Tafuta kitenganishi cha sauti chenye transfoma ndogo ndani, kinakaa katikati ya RCA ya king'amuzi na amplifaya. Cha pili kiweke kwenye laptopu, au uendelee kutumia betri.

Kisauti:
Kesho naenda kukitafuta. Picha ibaki, maana mama hakosi taarifa ya habari ya saa mbili.