Anayeishi moteli miezi sita ni mgeni au mpangaji?

Wadau, naomba tulijadili hili maana linaniumiza roho muda mrefu. Huku Marekani kuna familia kibao zinaishi moteli, siyo za safarini, zinaishi kabisa, watoto wanapanda basi la shule palepale kwenye maegesho na kodi inalipwa kwa wiki. Sasa wakichelewa kulipa, watolewe kama wageni wa hoteli au kama wapangaji?

Tofauti yake si ndogo. Mpangaji wa kawaida anapewa notisi ya maandishi, kesi inafunguliwa, hakimu anaamua, na hata akishindwa anayekuja kumtoa ni afisa wa serikali, siyo mwenye nyumba kubadilisha kitasa usiku. Mgeni wa moteli kadi yake inazimwa kwenye kompyuta ya mapokezi, akirudi kutoka kazini mlango unawasha taa nyekundu, basi.

Mimi nimekaa mapokezi zamu ya usiku kwenye moteli moja. Kulikuwa na mama na watoto wawili, wametulia, wanalipa kila Ijumaa. Siku ya 28 bosi akasema mtoe, kesho muandikishe upya. Yule mama akajaza vitu kwenye mifuko myeusi ya taka, wakalala kwenye gari, asubuhi nikawaandikisha mimi mwenyewe chumba kilekile. Mtoto mdogo alikuwa amebandua michoro yake ukutani, akairudisha palepale, alama za gundi bado zipo. Sijawahi kuisahau ile asubuhi.

Kwa nini 28? Kwa sababu sehemu nyingi siku ya 30 ndiyo inayobadilisha hadhi ya mtu, kutoka mgeni kuwa mpangaji. Jiji la New York ukishakaa siku 30 mfululizo hawawezi kukutoa bila korti. California wameenda mbali zaidi, sheria yao inakataza kabisa huo mchezo wa kumtoa mtu na kumuandikisha upya ili asifikishe siku zake, faini dola 500. Georgia nako suala lilifika Mahakama ya Juu ya jimbo mwaka 2023, wakasema inategemea pande mbili zilikusudia uhusiano gani, yaani karatasi uliyosaini saa nne usiku na watoto wanasinzia inaweza kuja kukuhukumu.

Na angalia mkanganyiko: sheria ya shirikisho ya elimu, McKinney-Vento, inamhesabu mtoto anayeishi moteli kwa kukosa pengine pa kukaa kuwa hana makazi. California ukipita siku 30 hata ule ushuru wa wageni wa hoteli hutozwi tena. Shule inajua huyu si msafiri, mkusanya ushuru anajua, ila polisi akiitwa mlangoni anaambiwa ni mgeni amegoma kuondoka!

Najua wenye moteli wanasema nini, na hoja yao nzito naikubali: ukiwalazimisha kwenda korti miezi mitatu kwa kila asiyelipa, wataacha kupokea watu wasio na dipoziti na wenye rekodi mbaya ya madeni, na hao ndio hawana pengine pa kwenda. Nimeona mtu anadaiwa wiki tatu na mlango kauvunja. Lakini wiki inalipwa kabla, kwahiyo hasara mara nyingi inaanza na deni dogo, na dawa yake ni kesi za aina hii kusikilizwa haraka, ndani ya siku chache, siyo kumnyima mtu hakimu kabisa. Tena mwenye moteli anayekubali chumba kilale tupu usiku mmoja ili hesabu irudi sifuri, huyo anajua fika kwamba ana mpangaji.

Kwangu ikifika siku 30 korti kwanza, jina la jengo libaki lolote. Na hiyo dola 500 ni ndogo mno, iwe kodi ya miezi miwili alipwe aliyetolewa. Nyie mnaopinga niambieni, yule mama angekaa miaka miwili mngemwita nani?