Naombeni ushauri, nataka kununua Hilux pickup ya zamani injini 3L

Wakuu habari za leo. Kuna Hilux singo kebini nimeiona Mbagala, dizeli 3L (hilo ni jina la aina ya injini ya Toyota, sio lita tatu), nataka ya kubebea mchanga na tofali kidogo kidogo na siku nyingine mazao kutoka Mkuranga. Rangi inang'aa hatari, na hiyo ndo inanipa wasiwasi maana gari la umri ule kung'aa hivyo lazima kuna pati (ile ya kuzibia bodi iliyooza au kubonyea) chini yake.

Nilipofika nikakuta jamaa kashaiwasha injini ina moto tayari, nikajisemea hapa kuna kitu anaficha, nataka nirudi asubuhi bila taarifa niiwashe ikiwa ya baridi nione inavyoamka na moshi wake. Halafu nikafungua kifuniko cha oili ikiwa inaunguruma, inapuliza hewa na kamoshi kiasi, sio sana. Hii ndo ringi za pistoni zimeisha au kwa 3L iliyochoka ni kawaida tu??

Chesisi nayo imepakwa rangi nyeusi mbichi kabisa, kule nyuma karibu na springi nikaona kama pamechomelewa. Naweza kugonga na nyundo kujua kama imeoza, au fundi aipandishe juu kabisa?

Kadi ya gari ipo ila jina sio la muuzaji, anasema aliinunua hakubadilisha. Hapo TRA (mamlaka ya mapato) kubadilisha jina nitasumbuka kiasi gani wakuu, au nimwambie abadilishe yeye kwanza ndo nilipe?

Na mwenye fundi mzuri wa dizeli Gerezani anitajie tafadhali, tena asiyejuana na madalali.