Guruguru ana malengelenge tumboni, naomba ushauri

Wakuu, shikamooni. Guruguru wangu hapa Mtwara ana malengelenge ya kahawia tumboni, mengine yamepasuka na magamba yanalegea. Nahisi chanzo ni udongo wa boksi analokaa, uliobaki mbichi tangu mvua za Januari. Hewa nayo haipiti vizuri. Nimeutoa, nimetandika magazeti, nayabadilisha kila siku. Asubuhi na jioni namlowesha tumbo dakika 10 kwenye povidoni-iodini (dawa ya kusafishia vidonda) iliyozimuliwa mpaka rangi ya chai nyepesi, kisha namkausha. Siku ya 8 leo. Anakula, ila malengelenge mapya 2 yametokea karibu na mkundu.

Niendelee na iodini, au hapa ni sindano ya antibayotiki tu? Na yale ambayo hayajapasuka, niyatoboe au niyaache? Mafuta ya nazi sijampaka, naogopa yatafungia unyevu.