Dada kaandikiwa miligramu 120, mgonjwa mwenzake 90. Tuombe ipunguzwe?

BintiMakorora
Habari za jioni, na wakubwa shikamooni. Dada yangu ana saratani ya titi, tunatoka Tanga kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam. Ameshapata mzunguko wa kwanza wa ile dawa nyekundu. Kwenye faili nimeona jina lake, doksorubisini, miligramu 120. Mama wa kiti cha pili, ugonjwa huohuo na dawa hizohizo, kaandikiwa 90! Nesi alinijibu "kila mtu na vipimo vyake", foleni ikamwita. Dada ni mnene, kilo 94, kimo sentimita 158. Yule mama kimo ni hichohicho ila kilo 52 tu. Tuliporudi dada alitapika mpaka tukaogopa. Mama mkubwa anasema dawa imemzidi, tuombe nayeye apewe 90, na mzunguko wa pili tuusogeze hadi harusi ya Pangani ipite. Naogopa kuonekana mjuaji mbele ya daktari. Nifanyeje?

Mwambao77
Pole sana. Mpe choya na ubuyu, damu itarudi. Kemo, hizi dawa za saratani, ni sumu, wakipunguza ni heri.

MfamasiaMstaafu
Marahaba binti. Nimechanganya dawa hizi miaka mingi, sasa nipo Chumbageni nalea wajukuu na kubishana na watu kama Mwambao.

Fungua kikokotoo cha simu. Zidisha kilo kwa sentimita, gawa kwa 3,600, halafu bonyeza alama ya kipeuo cha pili. Kwa dada utapata 2.03, ndizo mita za mraba za mwili wake. Doksorubisini katika mpangilio huu ni miligramu 60 kwa kila mita ya mraba: 122, wakaiweka 120. Yule mama anatoka 1.51, yaani 90 na ushee. Fundi mmoja, mabaibui mawili. Ukimshusha dada hadi 90, umemnyima robo ya dawa yake.

Na robo si kitu kidogo. Daktari wa saratani Bonadonna wa Milan, Italia, alifuatilia wagonjwa wake miaka 20, akachapisha 1995: waliopata asilimia 85 au zaidi ya dozi iliyopangwa ndio waliofaidika hasa, na waliopata chini ya asilimia 65 walikaribiana na wasiopewa dawa kabisa. Mtu atasema labda hao walikuwa dhaifu tangu mwanzo. Hoja ya haki. Lakini Marekani waligawa wanawake zaidi ya 1,500 kwa kura katika dozi tatu, na matokeo ya 1994 yakaonyesha wa dozi ya chini ndio waliorudiwa na ugonjwa zaidi.

Wanene walionewa sana huko nyuma. Daktari akiona hesabu imepita mita 2 za mraba anaikata kwa hofu. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, ASCO, kikaelekeza wapewe dozi kamili ya uzito wao halisi, hasa pale lengo linapokuwa kuponya. Aliyemwandikia dada 120 anajua kazi yake.

KijanaWaPongwe
Mzee, sasa kama nyingi ndiyo bora, si wampe 150 yaishe?

MfamasiaMstaafu
Walijaribu, kijana. Miligramu 60, 75 na 90 kwa kila mita ya mraba, wanawake zaidi ya 3,000, majibu yakatoka 2003. Kupanda juu ya 60 hakukuongeza kitu ila madhara. Na dawa hii inakula moyo, ina jumla ambayo mtu hatakiwi kuipita maisha yake yote. Kilichosaidia ni kubana muda: wiki mbili badala ya tatu, pamoja na sindano ya filgrastimu ya kuinua chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi. Ndiyo maana ile habari ya harusi imenikera. Wenzetu wanasogeza karibu, nyinyi mnasogeza mbali.

MuuzaSamakiDeepSea
Mdogo wangu, mimi dozi yangu ILIPUNGUZWA, na daktari mwenyewe. Nilipofika kwenye paklitakseli, dawa nyingine ya saratani, vidole vilikufa ganzi, pini ya ushungi naishika siijui, mwiba wa samaki unaingia nauona kwa damu. Nilikuwa nimenyamaza nisije nikakatiwa dawa. Nesi ndiye aliyeniona nashindwa kufunga kifungo. Walishusha kidogo nikamaliza yote. Semeni kila kitu, hata aibu ya choo.

MfamasiaMstaafu
Umesema kweli, mama. Dozi inashushwa kwa sababu: ganzi, ini, homa iliyomlaza mgonjwa, damu isiyopanda. Damu ikiwa chini siku ya miadi wanaweza kuahirisha wenyewe, msigombane nao.

Binti, kutapika kuna dawa zake. Mwambie daktari alitapika mara ngapi na alikunywa nini, aongezewe za kuzuia. Ni jambo jingine kabisa na ile 120. Choya anywe akipenda, ila haipandishi chembe nyeupe. Mizizi ya kuchemsha, hapana, mpaka daktari aijue. Halafu nunueni kipimajoto. Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa, chembe nyeupe ndipo zinapoanguka. Homa ikifika 38, hata saa nane usiku, hospitali ya Bombo. Mlangoni kabisa semeni yuko kwenye tibakemikali, yaani kemo, msimpe panadoli mkasubiri asubuhi.

BintiMakorora
Ahsante babu, nimepiga imetoka 2.03 kweli. Mama mkubwa kanuna. Sasa mzunguko wa pili dada akiwa amepungua kilo, 120 inabaki?

MfamasiaMstaafu
Wanampima upya kila anapofika. Kilo moja au mbili haibadilishi kitu. Akishuka sana wanakokotoa tena. Hakikisha tu anapimwa kweli, mizani isiwe ya kuulizwa kwa mdomo. Na mama mkubwa apelekwe harusini mapema.