Familia ya Kuka: Sherehe ya Kisumu

Senje Beti: Watu wangu, Jumamosi ndiyo hii. Chakula tayari, hema tayari. Bado waini. Nataka majibu LEO.

*(Imesomwa na 19)*

Senje Beti: Haya, najijibu. Wanywaji ni 20. Chupa ya mililita 750 inatoa glasi 5. Kila mtu glasi 2, hizo ni chupa 8.

Wafula: Glasi 2? Senje, Anko Joni unamjua au unamsikia tu? 😂

Mama Imani: 😂😂😂

Anko Joni: Niko hapa nawasoma.

Senje Beti: Wafula nyamaza. Nyeupe 5, nyekundu 3. Joto la Kisumu mnalijua, na samaki wa kukaanga ndiye anatangulia mezani. Sauvignon Blanc kavu, baridi kabisa, inakata yale mafuta kama ndimu. Nyekundu ingoje mbuzi wa jioni.

Nekesa: Si ile nyekundu ya Nakuru tuliipenda sana?

Senje Beti: Hiyo ilikuwa Julai, mmejifunika mablanketi! Shiraz nzito saa saba mchana hapa Mamboleo, utalala kabla keki haijakatwa. Tutachukua Pinotage, tena ikae kwa friji nusu saa. Wanaosema nyekundu haiingii friji hawajaishi Kisumu.

Mama Imani: Mimi naomba ile tamu. Hizo kavu zinanikunja uso.

Senje Beti: Tamu 1. Wafula, njoo na Leleshwa 2 nyeupe. Inatengenezwa hapo Naivasha, tunywe ya kwetu.

Wafula: Naivasha iko nyuma yangu, Kisumu iko mbele. Nirudi nyuma sababu ya zabibu?

Senje Beti: Supamaketi ya Nakuru, Wafula. Sijasema shambani.

Nekesa: Na tukichukua boksi la lita 5? Ni glasi 33, na bei ni nafuu.

Mama Imani: Boksi? Kwanza tuambiwe lile la Pasaka liliingia kwa buti ya nani.

Anko Joni: Tumeanza.

Mama Imani: Sijataja mtu.

Anko Joni: Buti iliyokuwa wazi siku hiyo ni moja tu.

Wafula: Jameni, barafu inaletwa na nani 🧊🏃

Mama Imani: *Ujumbe huu umefutwa*

Senje Beti: Nimeshausoma.

Kuka: Habari za jioni watoto. Boksi lililetwa kwangu. Hayo yaishe. Sasa mimi nauliza: mnahesabu chupa, nyumba ni ya mama yenu. Nani amemuuliza?

*(Imesomwa na 23)*

Senje Beti: Ni sawa Baba.

*Alhamisi, 7:12 asubuhi*

Senje Beti: Nimeongea na Mama. Chupa zifunguliwe baada ya maombi, na meza ya waini iwe mbali na mchungaji. Juisi ya mchungaji inaletwa na nani?

*(Imesomwa na 21)*

Wafula: Leleshwa nimepata Shiraz pekee.

Senje Beti: WAFULA. Haya chukua, tutainywa usiku. Angalia kama ina kifuniko cha kusokota, kile kifungua vizibo hakijaonekana tangu harusi.

Nekesa: Kiulizwe kwa Anko 🙈

Senje Beti: Mchango ni 1,500 kila nyumba, namba ni ile ile. Kufikia leo jioni.

Anko Joni: Kesho.

Mama Imani: Nimetuma.

Senje Beti: Naona 500.

Mama Imani: Hiyo 1,000 nyingine ni ya lile boksi.