Wakili anayetaka kubobea katika sheria ya umeme aanzie wapi?

Wakili_Chumbageni
Shikamooni wakubwa. Niliapishwa kuwa wakili mwaka jana, na hapa Tanga kazi zinazonifikia ni mirathi, talaka na migogoro ya viwanja. Moyo wangu uko kwenye sheria ya umeme, lakini kila ninayemuuliza ananijibu kwamba kazi hiyo iko Dar es Salaam na Dodoma. Naomba aliyeifanya kwa miaka mingi anieleze kama kuna mlango wa kuingilia nikiwa huku.

Mzee_wa_Raskazone
Marahaba, mwanangu. Nimestaafu baada ya miaka zaidi ya thelathini katika kazi hiyo. Tulipoanza hapakuwa na mdhibiti wa leo. EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2001 na kuanza kazi mwaka 2006, kisha ikaja Sheria ya Umeme ya mwaka 2008.

Shule yangu kubwa ilikuwa mikataba ya kuuziana umeme, hasa baada ya ule wa IPTL, kampuni binafsi ya kufua umeme, wa mwaka 1995, wa mtambo wa megawati 100 pale Tegeta, ambao mabishano juu ya gharama zake yalifika hadi kwenye usuluhishi wa kimataifa wa ICSID, kituo cha Benki ya Dunia cha migogoro ya uwekezaji. Katika mikataba ya aina hiyo mnunuzi hulipia uwezo wa mtambo hata mwezi ambao haukuwashwa, kwa hiyo gharama ya ujenzi iliyokubaliwa bila kukaguliwa huendelea kulipwa miaka nenda rudi. Nilikuwa nikiketi na mhasibu, rula juu ya jedwali, tukishuka mstari kwa mstari, mimi niliyefeli hesabu kidato cha nne.

Mlango wako uko Hale, kwenye Mto Pangani. Mitambo ya umeme ya pale na ile ya New Pangani Falls, yenye megawati 68, hutegemea maji yale yale yanayohitajiwa na wakulima wa umwagiliaji huko juu ya mto, na vibali vya kutumia maji ni sheria ambayo mawakili wachache huigusa.

Bi_Ngamiani
Shikamoo, mzee. Mwishoni mwa mwaka 2016 mdhibiti aliidhinisha bei ya umeme ipande kwa asilimia 8.5, na serikali ikaizuia kabla haijaanza kutumika. Wakili aliyeshughulikia ombi lile alikuwa na faida gani?

Mzee_wa_Raskazone
Marahaba, binti yangu. Siku ile ilituuma, sikufichi. Hata hivyo ombi lilipita kwenye taftishi, yaani uchunguzi wa wazi wa ombi la bei, watumiaji wakasikilizwa na sababu zikaandikwa. Asiyeridhika na uamuzi wa mdhibiti hukata rufaa Baraza la Ushindani, na huko hoja hujengwa juu ya maandishi hayo. Wakili wa Chumbageni, taftishi ya bei za maji ikiitishwa hapa Tanga, nenda ukiwa umesoma viambatisho vya ombi kabla ya ombi lenyewe.

Wakili_Chumbageni
Nashukuru sana, mzee wangu. Jumatatu naanza na vibali vya maji vya Bonde la Pangani.