Zawadi ya Mwana (mwenyewe hayumo)

ALHAMISI

Da Zai, 06:41
Assalaam aleikum ndugu zangu. Kundi hili nimelifungua kwa jambo moja tu. Mwana anaapishwa uwakili mwezi ujao in shaa Allah. Mambo ya nguo mama yake anayo, chakula tutakizungumza. Sisi tumpe kalamu. Kalamu ya wino hasa, ya heshima, si hizi biki za mia tano. Kila mtu elfu 20. Naomba majibu leo leo.

Da Zai, 06:43
📷 Picha
Nimeiona Kariakoo. Parker, ina boksi la mbao, ya dhahabu. Elfu 95 pamoja na kuchongwa jina.

Juma, 07:30
Elfu 95! Inaandika yenyewe mtu amelala?

Ma'mdogo Saumu, 07:31
🤣🤣

Da Zai, 08:15
Naona mmesoma watu kumi na moja. Aliyejibu ni Juma na upuuzi wake.

Hemedi wa Moro, 09:52
Da Zai shikamoo. Picha nimeikuza. Usiinunue hiyo. Parker kishikizo chake ni mshale, na manyoya ya mshale huwa yamechongwa yanaonekana moja moja. Hapo yamefutika futika. Nibu, ile ncha ya kuandikia, haina chapa yoyote. Nibu ya dhahabu kweli hupigwa alama, 14K au 585, 18K au 750. Hiyo ni chuma kilichopakwa rangi. Dukani kwangu zinaletwa kila wiki na mawakala, nazirudisha.

Da Zai, 09:55
Haya fundi. Usikosoe tu, sema tununue ipi.

Hemedi wa Moro, 10:20
Kwanza tujue ataandikia nini. Kama ni kutia saini mara moja moja, yoyote nzuri inatosha. Lakini wakili anaandika kutwa, tena kwenye karatasi hizi za fotokopi zinazonywa wino kama mchanga. Nibu nene pale herufi zinavimba na kutokea upande wa pili. Kwa hiyo nibu nyembamba. Na msihangaike na dhahabu, nibu ya chuma cha pua iliyosagwa vizuri inaandika miaka. Kinachogusa karatasi si dhahabu hata kwenye zile za mamilioni, ni kile kipunje kigumu cha madini kilichochomelewa nchani.

Ba'mdogo Seif, 10:41
Kwani ile Parker 51 ya marehemu Baba si apewe yeye?

Ma'mdogo Saumu, 10:42
Iko kwa nani Seif?

Ba'mdogo Seif, 10:50
Iliziba. Aliyetia wino wa muhuri anajijua.

Ma'mdogo Saumu, 10:51
😶

Hemedi wa Moro, 10:58
Ba'mdogo usiitupe. Ilowekwe maji ya kawaida, SI ya moto, yabadilishwe kila siku mpaka yatoke meupe. Wino wa muhuri mgumu kutoka lakini nimeshaona zikifufuka.

Juma, 11:03
Ifufuke ije itoe ushahidi nani alitia

Da Zai, 11:04
Jamani tumetoka kwenye mada. Hemedi jina la kalamu, na bei.

Hemedi wa Moro, 11:30
Mimi nasema Lamy Safari ya Wajerumani. Ilitoka mwaka 1980, walikuwa wanawalenga wanafunzi. Imebonyezwa pande mbili pale pa kushikia, vidole vinakaa penyewe, na nibu zake zinabadilishwa. Au Pilot Metropolitan ya Wajapani, hiyo mwili wake shaba, nzito kidogo, na nibu nyembamba ya Kijapani ni nyembamba kuliko nyembamba ya Mjerumani.

Da Zai, 11:33
Hiyo Safari nimeitafuta picha. PLASTIKI? Mtoto anaapishwa mbele ya Jaji Mkuu tumpe plastiki?

Hemedi wa Moro, 11:35
Plastiki yake si ya ndoo Da Zai. Ikianguka haipasuki ovyo.

Mama Mwana, 13:12
Samahanini nilikuwa jikoni. Nawashukuru wote. Ila nasoma tangu juu na hakuna aliyekumbuka kwamba Mwana anaandika kushoto.

Hemedi wa Moro, 13:14
Lo! Hilo linabadilisha kila kitu Ma'mkubwa

Mama Mwana, 13:15
Na Zai hawezi kuwa amesahau.

Juma, 13:16
🍿

Da Zai, 13:20
Mama Mwana una maana gani?

Mama Mwana, 13:26
Nina maana ya kile kitenge. Kila akija kwako likizo mkono wa kushoto unafungwa kiunoni, aandike wa kulia. Alikuwa darasa la pili. Akarudi kwangu hawezi kuandika kwa huo wala kwa huu. Mwalimu akaniita shuleni.

Da Zai, 13:31
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Da Zai, 13:33
Wakati ule wote walifanya hivyo. Mimi namchangia mtoto kalamu, sijaja hapa kuhukumiwa.

Mama Mwana, 13:35
Na chuoni kwa maalim hati yake ya Kiarabu ilikuwa safi kuliko wenzake wote. Kwa mkono huo huo.

Hemedi wa Moro, 13:41
Hilo lina sababu Ma'mkubwa. Kiarabu kinatoka kulia kwenda kushoto, mkono wa kushoto unakwenda mbele, wino unabaki nyuma. Herufi zetu hizi ni kinyume, mkono unapita juu ya wino mbichi, ndiyo anajipaka na daftari linachafuka. Tena wa kulia anaivuta nibu, yeye anaisukuma, na nibu ikisukumwa inakwaruza. Lamy wana nibu imeandikwa LH, ncha yake imesagwa mviringo kwa ajili ya mashoto.

Juma, 13:44
Kumbe mashoto wana spea zao 😂 Mimi je wa kuandika kwa mguu

Ma'mdogo Saumu, 13:44
Juma wewe

Shemeji Kombo, 17:58
Jumatano njema kwa wote. Anayesoma ujumbe huu Mungu amfungulie riziki yake. Tuma kwa watu saba.

Bi Mdogo Tatu, 18:10
Aamin

IJUMAA

Da Zai, 06:20
Waliotoa mpaka sasa: mimi, Hemedi, Shemeji Kombo. Watatu. Ba'mdogo Seif ameahidi. Fadhili wewe uko huko huko Ujerumani na kundi unaliona, hizo Lamy ziko jirani yako, mbona kimya?

Ba'mkubwa Omari, 08:47
Assalaam aleikum. Nimesoma yote tangu jana. Mimi ukarani wangu wote pale mahakamani nimeandika kwa Hero ya Shanghai, na majalada yale yanasomeka. Tulikuwa na hakimu ana kalamu ya fahari, anatia wino wa bluu wa shule, ule unaofulika. Paa lilipovuja masijala, kurasa zake ndizo zilizobaki nyeupe. Basi tazameni wino kwanza, kalamu baadaye. La pili. Mkono ule mliokuwa mkiufunga ndio utakaotia saini kwenye viapo vya watu. Kalamu iwe ya mkono ule. Habari ya kitenge isirudiwe tena hapa, si na Zainabu wala si na Mama Mwana. La tatu, boksi la mbao silitaki. Apewe kitu cha kuandikia, asipewe kitu cha kuweka kabatini.

Ma'mdogo Saumu, 10:05
Tumesikia Ba'mkubwa. Shikamoo.

Hemedi wa Moro, 10:06
Shikamoo Ba'mkubwa. Tumesikia.

Mama Mwana, 10:30
Shikamoo shemeji. Sawa.

Da Zai, 12:51
Sawa Ba'mkubwa.

Hemedi wa Moro, 13:02
Kwenye wino, Ba'mkubwa amesema kweli tupu. Wa kazi yake ni bluu-nyeusi ule wenye chuma ndani, ndio ule makarani wa daftari za ndoa na vizazi Uingereza walikuwa wakiutumia. Ukitoka ni bluu, ukikutana na hewa unazidi kuwa mweusi, na unaingia ndani ya karatasi. Maji hayauondoi. Pelikan wanao, 4001 Bluu-Nyeusi. Ila kalamu yake isiachwe ikaukie, ioshwe maji baridi kila mwezi. Na wino wa kuchorea ule wa Kihindi usitiwe kabisa, unagandisha njia za wino.

Juma, 13:05
Wala wa muhuri

Ba'mdogo Seif, 13:06
Juma heshimu wakubwa zako.

Juma, 13:07
Samahani Ba'mdogo 🙏🏾

Fadhili Ujerumani, 19:24
Shikamooni wazee wangu, habari zenu. Nilikuwa zamu ya usiku. Nimepita dukani. Safari ni euro ishirini na kitu, nibu ya LH wanayo. Lakini katriji zake, vile vichupa vya wino vya kupachika ndani, ni za Lamy pekee, huko nyumbani zitamsumbua. Ni lazima tumnunulie na kile kibomba cha kunyonyea wino kutoka kwenye chupa, kinauzwa peke yake. Na nibu zinachomoka kwa selotepu tu, kwa hiyo nashauri tuongeze na nibu moja ya EF, nyembamba kabisa. LH unene wake ni wa kati, ikimwaga wino mno kwenye hizo karatasi zenu abadilishe mwenyewe. Kuna mtoto wa jirani anasafiri Jumapili kuja Dar.

Da Zai, 19:26
Alhamdulillah! Nunua.

Hemedi wa Moro, 19:31
Fadhili mwambie huyo kijana kalamu asiijaze wino, aje nayo tupu. Hewa ya ndani ikitanuka ndegeni inausukuma wino nje. Chupa ya wino ikae kwenye begi kubwa, ifungwe nailoni.

Fadhili Ujerumani, 19:33
Nimekupata. Hela nitatanguliza mimi. Tatizo rangi. Kuna nyeusi isiyong'aa, bluu, nyekundu, nyeupe. Duka kesho linafungwa mapema, nijulisheni usiku huu.

Juma, 19:34
Nyekundu, Simba nguvu moja 🦁

Ba'mdogo Seif, 19:36
Kijani ya Yanga hakuna?

Ma'mdogo Saumu, 19:40
Nyie watu

Da Zai, 19:41
Nyeusi. Ni kazi ya mahakama. Na jina lake lichongwe kwenye kifuniko.

Hemedi wa Moro, 19:43
Kuchonga huyo kijana hatawahi Da Zai, anasafiri Jumapili. Ikija tutatafuta fundi hapa hapa, kama plastiki itakubali.

Mama Mwana, 20:15
Mwana anapenda bluu tangu mdogo.

Da Zai, 20:16
Mama Mwana, nyeusi ndiyo rasmi.

Mama Mwana, 20:22
Anayeandika ni yeye.

Bi Mdogo Tatu, 21:07
Jamani mimi elfu 20 nitatoa tarehe 25, mshahara haujaingia. Bluu nzuri.

Da Zai, 21:10
Fadhili chukua nyeusi.

Mama Mwana, 21:11
Fadhili mwanangu nipigie kwanza.